Nafuu Iliyomkatia Wendell Dawa

Mgeni rasmi, Bwana Haugland, Mkurugenzi wa Idhini za Dawa katika kampuni yetu ya bima,

Sisi wanachama kumi na wanne wa Kikundi cha Vichwa Vigumu, tulioumia ubongo kwa kuangukiwa na miti, kutupwa na farasi na kupinduka na pikipiki za theluji, tunakukaribisha Montana. Taa tumezipunguza kwa ajili ya vichwa vyetu, si kwa kukuficha pai. Pai ipo, jisikie nyumbani.

HISTORIA
Mwenzetu Wendell Skaar, mkata magogo, aliangukiwa na tawi. Fuvu likaunga, hofu ikabaki. Mlango ukigongwa tu, jasho linamtoka. Daktari akaomba dawa ya wasiwasi. Wewe, kwa hekima yako, ukaagiza aanze na ile ya bei rahisi, iliyomfanya apepesuke kama mlevi na kusahau jina la mkewe. Alipokwisha kuumia kwa kiwango kinachokubalika, ukaidhinisha ile ya daktari. Tunashukuru.

MAFANIKIO
Hapa tutakuwa wafupi kwa usalama wetu. Miezi minne baadaye Wendell aliendesha gari mwenyewe hadi harusi ya bintiye, akacheza. Kwa ushamba wake, akayaandika hayo kwenye fomu yenu ya kueleza hali ya mgonjwa. Mwezi uliofuata dawa ikakatwa. Mkewe, Arlys, akawapigia simu, karani wenu akapokea.

"Mama, fomu inaonyesha mzee kapona."

"Kapona kwa sababu anameza, baba! Ukimvua mtu miwani kwa kuwa anaona, ataona nini?"

"Basi akizidiwa, aombe upya."

Tangu hapo tunafundishana kujaza fomu: usicheke, usilale vizuri, na harusini usiende. Mafanikio mengine hatuna, na tusipekuliwe.

CHANGAMOTO
Daktari alionya kwamba dawa hiyo haikatwi ghafla. Ilikatwa ghafla. Wiki ya tatu sasa Wendell halali, na Arlys amezipeleka bunduki za kuwindia kwa jirani. Tunaogopa, Bwana Haugland. Hapo hatutanii.

OMBI
Ni moja tu, na tumeliandika sasa hivi. Wendell alikuja leo kukusalimia. Ulipobamiza mlango wa gari lako, alikimbilia chooni akajifungia. Arlys ameketi sakafuni nje ya mlango. Tunaomba uende pale umwambie kwa kinywa chako kwamba amepona. Maneno yakikukwama, karatasi ya kumrudishia dawa ipo mezani, na kalamu iko juu yake.

Mungu akupe afya, na siku ukiugua, akukutanishe na mkurugenzi mwenye huruma kukuzidi.

Ni sisi, Kikundi cha Vichwa Vigumu.
Msomaji: Lorna Tveit, Katibu