Bamba la Thelathini na Mbili

Ndugu, majirani, na nyote mliotoka kiwandani, familia inawaomba mkae mstarehe, kwa sababu huyu tunayemsindikiza leo hakuwahi kukaa akastarehe.

Marehemu Sixten Burvall alizaliwa tarehe 9 Februari 1941 huko Överkalix, mtoto wa tatu wa Edor na Signhild, akasoma hapo kuanzia 1948 hadi 1955, na mwalimu wake aliandika kwamba kijana ana akili ila kiti chake kina miiba. Baada ya chuo cha ufundi Luleå, tarehe 3 Oktoba 1960 aliajiriwa hapa Svartforsen kwenye tanuri la chuma, akapanda hadi kuwa msimamizi wa kuchanganya. Tarehe 12 Juni 1965 alimwoa Majvor, wakajaliwa Jerker na Tyra, ambaye ndiye anayewasomea haya.

Kazi yake ilikuwa kutia madini ya boroni katika chuma kilichoyeyuka, gramu thelathini katika tani nzima, kiasi cha kijiko cha chakula, na aliwafundisha wanawe kwamba kidogo hicho, kikikaa kwenye mipaka ya punje za chuma, hufanya chuma kikipozwa ghafla kiwe kigumu mpaka ndani, lakini naitrojeni ya hewani ikiiwahi boroni huimeza yote, ndiyo maana titani hutangulia ili iishike naitrojeni, kisha boroni ifuate.

Tarehe 15 Machi 1983, kwa haraka zake, alitanguliza boroni. Vipimo viliporudi vikionyesha chuma ni laini, mabamba thelathini na mawili yalikuwa yameshaondoka kwenda kutengenezwa nguzo za kuzuia magogo kwenye malori, na nguzo laini ikipinda, magogo yanaweza kumwangukia mtu. Alikwenda mwenyewe kwa meneja, akasema, "Nimekosea mimi, msimtafute mwingine," akavuliwa usimamizi miaka miwili, na mabamba thelathini na moja yakarudishwa. Moja halikuonekana.

Tangu siku hiyo marehemu alitembea na tupa mfukoni, maana tupa huteleza juu ya chuma kigumu na huuma chuma laini, na kila lori la magogo lililosimama aliliendea, hata siku ya harusi ya Jerker, akiwa na suti. "Mzee, wewe ni polisi au mganga?" madereva walimuuliza, naye akajibu, "Mganga, toa nguzo nikupime." Gazeti likiandika ajali ya lori, alipiga simu mpaka ajue chuma kilitoka wapi. Majvor alimwita, "Sixten, njoo ule, samaki anapoa," akajibu, "Nakuja," na nakuja hiyo ilichukua miaka thelathini na mitano.

Moyo ulianza kumsumbua Aprili 2016. Tarehe 18 Novemba 2018, Halvar Niemi, mwenzake wa tanurini, alikwenda kumwona hospitalini, na marehemu akamkabidhi tupa, akamwomba amwendelezee kuangalia malori. Halvar aliigeuzageuza, kisha, na haya tunayasoma kwa ruhusa yake, akasema, "Bwana, hilo bamba liko kwangu. Nililiburuta juu ya theluji kabla halijapakiwa, nikaliweka chini ya jiko la sauna yangu ya kuogea mvuke. Mlipoanza kulitafuta nikaogopa kuitwa mwizi."

Marehemu akamnyooshea kidole. "Mwizi mkubwa wewe! Na sauna hiyo naoga kila Jumamosi!"

Kisha akacheka mpaka muuguzi akaja mbio, na alipopata pumzi akamwambia bintiye aliyekuwa kando ya kitanda, "Tyra, chukua tupa, nenda." Kwenye bamba, namba ya mkupuo, yaani ya chuma kilichoyeyushwa siku ile, ilikuwa bado inasomeka chini ya masizi. Tyra aliporudi, baba yake aliuliza neno moja tu, "Imeuma?"

"Imeuma, baba."

Alikula sahani nzima ya samaki, ameketi, mpaka akamaliza. Alifariki tarehe 2 Desemba 2018, akiwa usingizini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia akizurura wodini na mirija yake, majirani waliomwondolea Majvor theluji mlangoni, wafanyakazi wenzake wa tanurini, madereva wote waliokubali kupimwa, na Halvar, ambaye asingesema, tungekuwa tunamzika mtu aliye macho.

Baba, yote thelathini na mawili yamepatikana, na hakuna aliyeumia. Tupa tumeiacha nyumbani. Pumzika kwa amani, usiinuke.