Grupu la Lugalo Limefungwa

Jambo la mwisho la kawaida kutokea nyumbani kwetu ni mke wangu, Verediana, kufunga grupu. Alikuwa anamenya viazi, simu ameiegemeza kwenye kopo la sukari, anasoma jinsi Jenerali, mwenzangu wa kijiwe hapa Mbeya, na Ambrosi, mdogo wake Verediana aliyeko Kihesa, Iringa, walivyokuwa wakichambua vita vya Lugalo, vya Mkwawa na Wajerumani, kwa kutukaniana mababu. Grupu lenyewe alilipa jina la "Mjadala wa Kirafiki". Admin alikuwa yeye peke yake, kwa sababu alizaliwa Iringa akaolewa Mbeya, na pande zote mbili zilimwogopa sawasawa. Akafuta kidole kwenye kanga, akabonyeza, na tangu hapo hakuna mwingine aliyeweza kuandika. "Wakipoa nitawafungulia kesho," akasema. Asubuhi iliyofuata mshipa ulipasuka kichwani mwake. Kufika mchana nilikuwa mgane.

Hiyo ilikuwa Aprili. Simu yake niliiweka kabatini. Kila Jumapili nilikuwa naichaji, nairudisha, bila kufungua kitu ndani yake. Kijiwe chetu chote cha kahawa hapa mtaani Soweto kililijua hilo, na jioni moja ya Julai, baridi imetufunga makoti hadi shingoni, kijiwe kilikaa kupanga namna ya kufufua mjadala bila kuligusa grupu.

Aliyeanza ni Jenerali. Anauza vifuniko vya simu. Cheo alijipa mwenyewe, baada ya jeshi kumkataa kwa sababu ya miguu.

— Iringa wanatangaza tumekimbia. Eti wametuuliza kwa nini Merere, chifu wa Usangu huku kwetu, aliungana na Wajerumani kumpiga Mkwawa, na sisi kimya.

— Kwani jibu lipo? aliuliza Dakika Tisini, fundi pikipiki ambaye vita vyote huvielewa kwa njia ya mpira.

— Lipo. Merere alikuwa anamchunguza Mjerumani kwa karibu.

— Miaka yote ile?

— Uchunguzi wa kina, ndugu yangu.

Jenerali, kwa taarifa ya msomaji, ni Mnyakyusa wa Tukuyu. Wasangu hawajawahi kumtuma awatetee.

— Si mfungue grupu jipya, alisema Tumpe, mwenye birika.

— Admin nani? aliuliza Dakika Tisini.

— Mimi, alisema Jenerali.

— Labda nife. Admin mimi.

Grupu jipya likafia hapo, kabla halijapata jina.

— Basi tupige simu moja, alisema Dakika Tisini. — Sisi tunaweka spika, Iringa nao wanaweka spika. Mwongozaji anakuwa na filimbi. Upande ukitukana, anapuliza.

— Filimbi ya Soweto watu wa Kihesa wataiheshimu? aliuliza Jenerali.

— Ziwe mbili. Na mpulizaji wa kule awe mtu wetu.

— Huyo siyo mwongozaji, huyo ni jasusi.

— Ulitaka mjadala wa vita usio na jasusi? Huo ni mkutano wa wazazi.

Jenerali aliweka kikombe chini, kama anaweka ramani.

— Sikilizeni. Tukutane Makambako, nusu ya njia. Wao upande ule wa uwanja, sisi upande huu, kila mtu na simu yake. Tunajadili mtandaoni.

— Tukiwa uwanja mmoja, mtandao wa nini? aliuliza Tumpe.

— Usalama. Mtandaoni huwezi kumpiga mtu ngumi.

— Lakini si yuko pale pale?

— Ndiyo maana nikasema uwanja, siyo chumba.

— Mimi naongeza VAR, alisema Dakika Tisini. — Mtu akidai jambo, mjadala unasimama, tunatuma mtu Lugalo akaangalie.

— Akaangalie nini? Vita ni vya mwaka elfu moja mia nane tisini na moja.

— Kichaka. Wahehe elfu tatu wanasema walijificha kichakani. Tunataka kukiona hicho kichaka. Msomi, wewe historia umeisomea chuo kikuu. VAR inakubalika?

— Ushahidi utakuwa dhaifu, nilisema. — Vichaka huota.

— Mmemsikia? Amesema dhaifu. Hajasema hapana.

Pembeni ya benchi alikaa Yotamu, mwalimu aliyehamishiwa hapa kutoka Ipogolo, Iringa. Hiyo ilikuwa jioni yake ya pili nasi, na muda wote alikuwa amesikiliza kwa adabu ya mgeni.

— Samahani, wakubwa. Hilo grupu la zamani bado lipo?

— Lipo, alisema Jenerali.

— Limefungwa tu?

— Limefungwa.

— Sasa si mumwombe admin alifungue?

Jenerali aliitazama barabara kana kwamba anasubiri kikosi. Dakika Tisini alimrudishia Tumpe kikombe ambacho bado kilikuwa na kahawa, Tumpe akakipokea na kuimwaga bila kuuliza. Hakuna aliyenitazama. Walikwepa kunitazama kwa uangalifu mkubwa, na hapo nikaielewa filimbi, nikauelewa uwanja wa Makambako, nikakielewa kichaka. Watu wazima walikuwa wamekubali kuonekana wapumbavu ili mimi nisiombwe kitu. Kwa Jenerali, ni kweli, haikuhitaji juhudi kubwa.

— Nimekosea kuuliza? alisema Yotamu.

— Hapana, mwalimu, nilisema. Umeuliza vizuri.

Nikawaaga, nikaenda nyumbani.

Asubuhi niliitoa simu kabatini. Nilipofika mahali pa kubonyeza nikasita, maana tangazo lingetokea kwenye simu za wote kwa jina lake: Verediana amebadilisha mipangilio ya grupu. Nikaiweka mezani, nikachukua yangu, nikampigia Ambrosi.

— Kamwene, shemeji, nilimsalimu kwa Kihehe.

— Kamwene. Kwema huko?

— Kwema. Sasa hivi utaliona jina la dada yako kwenye grupu. Ni mimi. Nimeona nikwambie kwanza.

Nyuma yake nilisikia mtu akifagia uwanja.

— Subiri nikae, alisema.

Stuli iliburutwa sakafuni.

— Haya, nimekaa. Na huyo Jenerali wenu ajiandae. Jibu la lile swali la Merere bado namdai.

Nikafungua.