Mama Florentine na Mgeni Asiyelalamika

Jumamosi hii, tarehe 28 Juni 1958, Mama Florentine Asende anavua aproni baada ya miaka ishirini na saba ya kazi katika nyumba ya wageni ya Baraza Kubwa, hapa Baraka. Alisema mapema kwamba hataki hotuba. Basi tumeamua kumwandikia katika ratiba hii ya sherehe, maana karatasi hawezi kuikatiza.

Alizaliwa upande wa Nundu, akaja kwetu mwaka 1931 kufua mashuka. Mpishi wa wakati ule alikuwa mtu wa hasira, na siku moja alisusa, akapanda meli kwenda Albertville huku maharagwe yakiwa bado motoni. Florentine aliacha mashuka kwenye beseni, akakimbia kuyaokoa maharagwe. Hakuna aliyemteua. Aliendelea tu kupika, na wageni wakaendelea kula.

Kusema kweli, chakula ndicho kilichotuokoa. Nyumba yetu ilijengwa na mfanyabiashara wa pembe za ndovu enzi za babu zetu, na sifa zake zimefika mahali ambapo lori halijafika. Mgeni akisikia habari za kuta nene na mlango wa nakshi, anajijengea kichwani jumba la kifalme. Akifika anakuta mlango wa nakshi haufungi, popo wamehamia darini kabla yake, na dirisha alilodhani litamwonyesha ziwa linamwonyesha kamba yetu ya nguo. Kiboko naye ana desturi ya kupanda kutoka ziwani kula maua ya bustani, na hapendi kuulizwa.

Meneja mmoja wa zamani, ambaye jina lake tunalistiri, alikuwa akiwaambia wageni kwamba kitanda cha chumba cha pembeni kililaliwa na mvumbuzi maarufu wa zamani. Akaja msafiri kutoka Ubelgiji kwa ajili ya kitanda hicho tu. Aliketi juu yake kwa heshima, kofia mapajani, akamwuliza Mama Florentine kama habari ni za kweli. Mama Florentine hajui kudanganya. Alimwambia kitanda kilikuja na meli, na kwamba yeye mwenyewe alishika mguu mmoja wakati wa kukishusha. Yule bwana alinyong'onyea hadi ukamhurumia. Mchana akaletewa mikeke, samaki wetu wa hapa ziwani, wamechomwa na kukamuliwa ndimu. Jioni hakuuliza tena habari za mvumbuzi, aliuliza habari za samaki, na alikaa wiki nzima.

Hiyo ndiyo ilikuwa njia ya Mama Florentine. Hakuwa mtu wa kuomba radhi kwa maneno mengi. Aliyelalamikia popo alipata sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa yakalainika, aliyelalamikia dari linalovuja alipata mikeke, na aliyelalamikia vyote viwili alipata vyote viwili. Casimir, mhudumu wetu wa mezani, anaapa kwamba wageni wengine waliozoea walianza kulalamika wakiwa bado wanashuka kwenye lori, kabla ya kukiona chumba. Dari lenyewe liliachiwa mumewe, fundi seremala Norbert, ambaye ameliziba mara nyingi hata amezoeana na popo.

Lakini mwulize Mama Florentine ni mgeni gani aliyemtesa kuliko wote. Hatamtaja hata mmoja wa hao. Atamtaja mgeni ambaye hakulalamika kabisa.

Ilikuwa mwaka 1953, majira ya mvua. Alishuka Bwana Kayumba, mfugaji wa ng'ombe kutoka milima iliyo juu ya Fizi, pamoja na mkewe Mukankuranga. Mukankuranga alikuwa na mimba iliyokaribia siku zake, na ile iliyotangulia ilikuwa imeharibika. Muuguzi wa hospitali aliwakataza kupanda tena mlimani. Alitaka wakae karibu, na mama ale ashibe, kwa kuwa damu yake ilikuwa imepungua sana. Ndivyo walivyofika kwetu, na chumba kilichokuwa wazi ni kile kinachovuja.

Hawakusema neno. Dari ni zuri, popo hawana shida, asante. Mama Florentine alifurahi ajabu, akapika mikeke kwa mawese, chakula cha heshima kwetu sisi watu wa ziwa. Sahani ikarudi kama ilivyokwenda. Akapika ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Zikarudi. Akachemsha maziwa katika sufuria yake bora, ile ile ya mikeke, na kikombe kikarudi kimejaa. Kila alipouliza, Kayumba alimjibu kwa adabu kwamba wameshiba na mkewe anashukuru sana. Na kadiri sahani zilivyorudi, ndivyo Mama Florentine alivyotafuta samaki mkubwa zaidi. Sisi watu wa hapa tukishindwa na samaki, dawa tunayoifikiria kwanza ni samaki mwingine.

Mukankuranga alikuwa akila ndizi mbivu tu. Uso ulimpauka, na muuguzi alipokuja kumpima alisema waziwazi kwamba kwa mwendo huo hatakuwa na nguvu za kuzaa. Hapo jikoni maneno yakazuka. Wapo waliosema watu wa milimani wanatudharau. Mama Florentine mwenyewe aliumia. Aliinamia moto akalia ili tudhani ni moshi. Lakini hofu yake ilizidi hasira. Asubuhi moja alivua aproni, akaingia chumbani mikono mitupu, akaketi mkekani karibu na kitanda, akamwomba mgeni wake amlalamikie.

“Mutoto yangu,” alimwambia, “hapa bantu bote banalalamikaka. Weye tu ndiye unanyamaza, na ni weye iko unaisha. Unigombeze hata kidogo.”

Mukankuranga alicheka kwanza, kisha machozi yakamtoka. Kwao, mgeni anayetaja kasoro ya chakula amemwaibisha mwenyeji, na yeye alikuwa tayari kulala njaa kuliko kumwaibisha mama huyu aliyehangaika naye. Alijibu polepole.

“Mama, chakula yako iko muzuri. Lakini kwetu hatukulaka samaki, na maziwa ikipikwa mu sufuria ya samaki, tunasema ng'ombe itakauka. Nilinyamaza juu usiwaze nakuzarau.”

Siku ile ile Mama Florentine alinunua chungu kipya kwa wafinyanzi, akapanga mafiga nyuma ya migomba, mbali na harufu ya jiko letu. Kayumba aliagiza maziwa kwa ndugu zake waliokuwa wakichunga upande wa Fizi, yakawa yanashuka katika kibuyu. Na Mama Florentine alipoelezwa kwamba hata anayeyashika maziwa hayo hafai kuwa ametoka kula samaki, yeye binti wa Nundu, aliyekuzwa kwa ndagala tangu alipoota meno, aliacha samaki. Aliacha mpaka mtoto alipozaliwa na mama yake akapata nguvu. Samaki wa wageni wengine waliachiwa Casimir, na tukubaliane kwamba malalamiko ya kipindi kile yalikuwa ya haki kabisa. Norbert naye alikuja mara kadhaa kula kwetu, akisema nyumbani kwake kumegeuka zizi la ng'ombe.

Mukankuranga akala. Alianza na maziwa, kisha maharagwe, kisha akaomba aongezewe, na neno hilo la kuongezewa lilimfanya Mama Florentine atoke nje kwenda kujifuta uso. Alizaa mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti iliyowahamisha popo kwa muda. Siku ya kuondoka, Kayumba alimtolea Mama Florentine ndama jike, akae katika zizi lake kule juu kwa jina la Mama Florentine. Kwao hivyo ndivyo unavyomwambia mtu kwamba tangu leo wewe ni wa nyumbani.

Ndama huyo sasa ni ng'ombe mwenye watoto wake, na kila mwaka Kayumba hutuma mwaliko Mama Florentine apande akanywe maziwa ya ng'ombe wake. Kila mwaka Mama Florentine hujibu kwamba kuna wageni. Ni kweli, wageni walikuwapo. Amewafundisha kazi wapishi wawili, ametulisha sisi sote tulipougua, na kwa miaka yote hiyo hajalala hata mara moja katika nyumba ya mtu mwingine kama mgeni. Jumatatu, yeye na Norbert wanapanda mlimani.

Sasa tunafichua jambo, na Mama atusamehe, kwa sababu analisikia hapa kwa mara ya kwanza. Wiki iliyopita Kayumba alikuja sokoni, akapita kwenye mapokezi na kuuliza kwa sauti ya chini ni nani anayejua kuchagua ndagala nzuri zilizokauka. Alituambia kwamba Mukankuranga amenunua chungu, ameweka mafiga nyuma ya nyumba, mbali na maziwa, na amekuwa akiwauliza akina mama wa sokoni samaki hupikwaje. Hajawahi kumpika maishani mwake. Anaogopa mama yake huyu wa ziwani asije akalala njaa kwake na kunyamaza kwa adabu.

Wala Kayumba hajui kwamba tangu Jumapili Mama Florentine amekataa samaki hapa jikoni. Casimir alimpelekea mikeke, akawarudisha. Alisema anasafisha kinywa chake, maana anakwenda kwa wanawe.

Mama Florentine, tunakushukuru kwa kila sahani. Ndagala zimefungwa, ziko kwa Casimir, usiziache. Mukankuranga akikupikia, huenda akaziunguza. Wewe kula, umwombe akuongezee. Tunakuombea afya, mvua nzuri shambani Nundu, na siku nyingi za raha wewe na Norbert. Wageni wa hapa tutawaangalia sisi. Nenda nawe ukapokelewe.

Anatole Lubunga, karani wa mapokezi, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Baraza Kubwa