Mfupa wa Phelix Umekataa Kushika

Benchi yetu iko Litein, karibu na stendi ya bodaboda, na leo chai imepoa hapo bila mtu kuigusa. Mwenzetu Phelix wa kiwanda cha majani chai alipasuliwa mgongo. Wakatoa uvimbe wa kansa kwa uti, wakachukua mfupa wa nyonga yake mwenyewe, wakaupanda pale palipobaki wazi. Jana picha ilionyesha mfupa haujashika, ati unalika. Ikiendelea hivyo atafunguliwa tena, na daktari hajaahidi kwamba atatembea. Na hawa jamaa wawili hawanisaidii: Diwani, aliyewania kiti akashindwa, na Redio, ambaye hana kitufe cha kuzima.

Diwani: — Nawaambia ni ile mionzi. Wamemchoma mapema!

Mimi: — Hajachomwa bado, Diwani. Walisema wangoje mfupa ushike kwanza.

Diwani: — Basi ni huko kungoja. Mgonjwa hangojwi!

Redio: — Ni ule mshipi mgumu anavaa kifuani. Unabana damu. Mfupa bila damu utashika na nini?

Mimi: — Huo mshipi ndio unamzuia kujipinda. Unataka auvue, avunjike?

Redio: — Sijasema auvue! Wacha kunitilia maneno mdomoni. Nasema tu, nyonga imezoea kukaa, mgongo kazi yake ni kusimama. Huo mfupa umejipata ugenini. Wangetumia wa ng'ombe dume.

Diwani: — Ng'ombe! Halafu aanze kucheua kanisani?

Redio akawasha sigara, njiti ikamzimikia mara mbili.

Diwani: — Aki ya Mungu huyu jamaa asipotembea sijui nitafanya nini. Juzi, kabla arudishwe hospitali, alikuwaje?

Redio: — Alikuwa sawa. Mkewe alikuwa shambani anachuma, tukakaa nyuma ya nyumba, tukapiga stori. Akachangamka kabisa.

Diwani: — Hata mimi Jumapili, wakati wamama wako kanisa. Mtu akifungiwa ndani hivyo, lazima umletee kitu kidogo ya kutuliza roho.

Mimi nilitaka kuuliza ni kitu gani, lakini Mama Adoyo, mke wa Phelix, alikuwa ashafika. Ametoka hospitali moja kwa moja, koti lake la kwendea kanisa bado mwilini, macho yamevimba.

Diwani: — Shemeji, karibu. Kaa, tukuitishie chai.

Mama Adoyo: — Chai sitaki. Daktari ameniuliza kama Baba Adoyo anavuta sigara. Anasema moshi ndio unazuia mfupa kushika, na alimkataza kabla hata hajampasua. Nikaapa mbele ya Mungu kwamba tangu apasuliwe sijamnunulia hata moja. Daktari akaniangalia tu. Akasema anasikia harufu kwa shati la Baba Adoyo.

Redio: — Madaktari nao...

Mama Adoyo: — Ngoja, shemeji. Mume wangu hawezi kutembea mpaka dukani. Hata choo namshika mkono. Sasa niambieni, nyinyi marafiki zake. Nani anamletea?

Diwani aliinamisha kichwa. Redio alikuwa ameikunja sigara ndani ya ngumi, ikiwa bado inawaka, na moshi ukawa unamtoka katikati ya vidole. Mama Adoyo alisimama hapo akiutazama, na hakuuliza tena.