Mahari Bure, Mita Mia Tatu

Tarehe thelathini mwezi huu, saa kumi jioni, Mwangalizi wa Kituo cha Mapumziko cha Jangwani atakabidhi funguo, filimbi na ufagio baada ya miaka ishirini na tisa na miezi minne ya utumishi. Katika muda wote huo hajachelewa kazini hata siku moja. Ni kweli anaishi hatua arobaini kutoka ofisini, lakini mimi, fundi wa pampu ya maji, ninaishi hatua thelathini na tano na nimechelewa mara nyingi tu.

Sisi sote humwita Mama Mahari. Kwa wageni wa sherehe wasiojua jina hilo lilikotoka, na kwa mhandisi wetu mstaafu anayelijua kupita kiasi, naomba nianze mwanzo.

Alipoajiriwa, kituo kilikuwa vyoo viwili, benchi moja, tangi la maji na kibanda cha kivuli, kando ya barabara iliyonyooka kama rula. Mandhari yenyewe, ambayo ndiyo iliyofanya kituo kijengwe, haionekani kutoka barabarani kwa sababu imezibwa na kilima cha mawe. Mpaka upande vidato sitini na viwili ndipo bonde jekundu linapofunguka miguuni pako, na ng'ambo yake uwanda wa chumvi unang'aa hadi macho yanatoa machozi. Madereva hawakuwa na habari. Walipita mbio, vioo vimefungwa, na Mama alisugua vyoo ambavyo hakuna aliyeviingia.

Ndipo mhandisi wa wilaya, kijana wakati huo na mwenye nywele zake zote, alipomletea ubao, kopo la rangi nyeupe na kikaratasi chenye maneno ya kuandika: Mandhari nzuri, mita 300. Bure. Mama alichora siku nzima chini ya jua la utosi. Ubao uliposimamishwa, ulisomeka MAHARI NZURI, MITA 300. BURE.

Ndugu zangu, breki zilizofungwa barabarani hapo hazina hesabu. Vijana walishuka wakiwa wameshika mbavu, wakauliza mahari inagawiwa dirisha gani. Mama, bila kutabasamu, aliwaonyesha vidato kwa ufagio. Walipanda wakipiga kelele na huko juu wakanyamaza wote. Kuna baba mmoja mwenye mabinti wanne aliyegeuza gari kilomita ishirini na mbili kuja kulalamika kwamba tangazo hili litamharibia nyumba. Alipandishwa juu, akakaa saa mbili, akarudi mwezi uliofuata na mabinti wote wanne na mama yao.

Lawama za kosa lile tulimtwisha mhandisi na mwandiko wake, na hatukuona haja ya kuchunguza. Mama Mahari si mtu wa kuruka herufi. Ripoti zangu za pampu alizirudisha zikiwa na duara nyekundu, ripoti moja mara nne, kwa ajili ya nukta. Ni mtu anayefagia mchanga jangwani mara tatu kwa siku na kuudai mchanga heshima. Mtu wa namna hiyo angewezaje kumeza N na D mchana kweupe? Kikaratasi chenyewe, alisema, kilipeperushwa na upepo. Basi mhandisi akaapa, akakasirika, akazoea. Hata kwenye sherehe yake ya kustaafu tulimzawadia daftari la mistari mipana la kujifunzia kuandika, nami ndiye niliyelichagua.

Mwaka wa kumi na moja makao makuu yakaleta bango la chuma lenye MANDHARI sahihi, herufi kwa herufi. Ubao wa Mama ukawa mlango wa banda la saruji. Magari yakarudia mwendo wake wa zamani, na baada ya miezi michache tukaletewa barua. Kituo kingefungwa iwapo hesabu ya siku tatu ingeonyesha hakina wageni, na mwangalizi angehamishiwa ghala la mjini lisilo na dirisha hata moja. Ile barua Mama aliisoma amesimama, akaikunja mara nne, akaenda kufagia vidato vyote sitini na viwili kuanzia juu.

Akaja karani wa kuhesabu magari, amevaa tai katika joto lile. Siku ya kwanza alihesabu manne, moja likiwa limechemsha rejeta. Jioni Mama aliniita, tukang'oa mlango wa banda la saruji, tukaufunga kwa waya chini ya bango la chuma. Siku ya pili, kabla ya chakula cha mchana, karani alikuwa amemaliza karatasi na anaandika kwenye kiganja. Siku ya tatu binti yake Mama, aliyekuwa likizo, akamsaidia kuhesabu. Kituo hakikufungwa. Karani leo ni mkwe wa Mama na baba wa wajukuu wake watatu, na kama alilipa mahari au alidai kwamba bango limesema bure, hilo ni la familia.

Tulipomwuliza anataka zawadi gani ya kuagwa, Mama alisema hataki saa wala blanketi. Anataka kopo la rangi nyeupe, aupake upya ubao wake kabla ya kuondoka. Tulitazamana. Tulijua kalamu yake nyekundu ni ya namna gani, na tulijua kituo hiki bila kosa lile hakina mwaka mmoja wa kuishi. Lakini nani wa kumkataza?

Ijumaa iliyopita alipanda ngazi. Mimi niliishika chini, wenzangu wakasimama nyuma yangu, roho juu. Akapaka M. Akapaka A. Akachovya brashi, akaishusha, akautazama ubao kwa muda ambao sitausahau. Kisha akapaka H, na watu wazima wenye familia zao wakaanza kurukaruka kando ya barabara kuu kama wana-mbuzi.

Aliposhuka alinipa kikaratasi cha manjano kilichochakaa mikunjo. Mwandiko wa mhandisi ulikuwa mzuri kuliko wa mashine, na NDH ilionekana hata bila miwani.

"Niligundua jioni ileile," alisema. "Nikarudi na brashi nirekebishe, nikakuta lori limesimama na dereva anacheka peke yake. Lilikuwa gari la kwanza kusimama tangu nianze kazi. Nikarudi zangu ndani."

Mheshimiwa Mhandisi, utakaa meza ya mbele, na kikaratasi chako kitakuwa ukutani, ndani ya fremu. Tunakuomba radhi kwa miaka ishirini na tisa. Lile daftari unaweza kunirudishia mimi, nahisi nitalihitaji.

Na wewe Mama yetu, ahsante kwa vyoo safi, kwa kivuli, kwa duara nyekundu na kwa herufi mbili ulizotunyima. Nenda salama, ulale hadi jua likuchoke, uwachekeshe wajukuu. Ukipita barabara hii usijifanye mgeni. Funga breki, upande juu polepole, ukae utakavyo. Mandhari ni yako, na mahari bado ni bure.