Keram Moja Tu

Swabaha alikuwa amejitanda buibui mpaka machoni, kwa hivyo wanaume wawili waliokaa mbele yake katika basi la Makupa hawakumshughulikia. Mmoja alikuwa karani wa reli aitwaye Joab. Mwingine alijitambulisha kuwa Faraj, fundi baiskeli wa Majengo, na hapo Swabaha akatega sikio, maana fundi huyo ndiye aliyeleta posa kwao juzi, na alikuwa hajamwona hata siku moja.

"Alasiri hii wazee wa mchumba wameniita nyumbani kwao, mtaa wa Kuze," Faraj akasema. "Lakini nitateremka Majengo kwanza, nicheze keram moja tu."

"Jana ulicheza ngapi?" Joab akauliza.

"Nilianza na moja. Nilipoinua kichwa, adhuhuri imekuwa magharibi."

"Na ukishaoa?"

"Nitaacha, bwana. Faraj wa mwezi ujao ni mtu mwingine kabisa, mstaarabu sana."

Swabaha akaona huyo wa mwezi ujao angemfaa, ila posa imeletwa na huyu wa leo.

"Basi ukae kitako mpaka tupite Majengo," Joab akasema. "Ni dakika mbili tu za kujizuia."

"Wewe hujui keram, bwana."

Basi likasimama Majengo. Faraj akainuka, akaketi, akainuka tena, akaelekea mlangoni.

"Teremka tu, kaka," Swabaha akamwambia taratibu. "Mimi nitawaambia wazee wangu wasikungoje."

Faraj akageuka, mguu mmoja ngazini, na kondakta akamuuliza kama anashuka au hashuki.