Maji ya Mgongo wa Romanus

Kijiwe cha Mfaranyaki, hapa Songea, mkabala na genge la nyanya, kina benchi moja na wazee wanne wasioshindwa kueleza kitu. Saimon wanamwita Bunge, maana akianza kuchangia hoja hakuna spika wa kumkalisha. William, fundi baiskeli, ni Spana. Baltazar ni Kisigino, kwa jinsi alivyokuwa akitimua vumbi enzi za kucheza lizombe, ngoma ya Wangoni. Wa nne ni Romanus, mpiga ngoma wao wa siku hizo, ambaye sasa mkono wake wa kulia unatetemeka hata akiuficha kotini. Dastan muuza kahawa humjazia kikombe nusu, na hakuna aliyewahi kulitaja hilo. Asubuhi ile Romanus alikuwa amewaambia jambo. Daktari anataka Jumatatu apande basi la Dar es Salaam, akachotwe maji ya uti wa mgongo, wapime protini iliyomo, ijulikane kama kutetemeka huko ni ugonjwa wa Parkinson. Alilisema harakaharaka kisha akainamia kahawa yake, maana alikuwa na hofu na hakutaka waione.

— Protini si ndiyo maharage? — Bunge akadakia. — Umeyala mno, ndugu yangu. Yamejaa tumboni, yakapanda mgongoni.

— Maharage wapi! — alisema Romanus. — Iko protini ya ubongo, inajikunja vibaya, na nyingine zinaiga. Yale maji yanauzunguka ubongo, yanashuka mpaka mgongoni. Ukiyachota, unapata habari za juu.

— Nimeelewa, — akasema Spana. — Oili hiyo! Injini huifungui, unachomoa kijiti tu unaangalia. Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wewe guu zima, kwa hiyo ulisikia. Nenda.

— Na oili si inajazwa tena? — Bunge akauliza. — Wakikutilia ya Mhehe, mtani wetu, je? Utarudi kututania sisi wenyewe!

— Mwili unatengeneza mengine.

— Ndivyo ulivyodanganywa. Maji ya mgongo ndiyo kumbukumbu. Wakiyachota, hata njia ya kwenu Lizaboni huijui. Haba na haba hujaza kibaba: leo tone lako, kesho Songea nzima tumekauka migongo!

Walicheka, na Romanus akacheka nao, ingawa kicheko hakikufika mbali.

— Nyie hamjui kitu, — akasema Kisigino. — Huo si ugonjwa. Ni lizombe. Mtu kapiga ngoma ujana wake wote, mnadhani inatoka? Mmesahau Namtumbo, wakati wa mavuno? Tumekwenda kwa baiskeli, ngoma kaifunga kwenye keria. Alivyoipiga, Walburga akatoka kwenye mstari, akaja kumpepea kwa kitenge.

— Mbele ya baba yake mzazi! — Spana akadakia.

— Mbele ya baba yake!

Romanus aliyaona yote: vumbi, kitenge cha bluu, na Walburga, aliyekuja kuwa mkewe, Mungu amrehemu, akicheka kwa macho tu. Mkono wake wakati ule ulikuwa ukitii kabla hajauamuru.

— Basi hao madaktari, — Kisigino akamalizia, — wakitazama hayo maji watakuta lizombe tupu. Watacheza na makoti yao meupe!

Tabu, mwalimu mgeni kutoka Tanga, alikuwa amesimama akinunua kashata kwa Dastan.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mwalimu.

— Samahani, nimesikia bila kutaka. Mama yangu mkubwa alichotwa maji hayo. Baadaye kichwa kilimuuma, akawa wa kulala tu. Haachwi mtu peke yake. Sasa mzee Romanus anakwenda na nani?

Bunge aligeukia genge, akaanza kuzitazama nyanya. Spana alifungua boksi lake la vifaa, akalifunga. Kisigino alitaka kusema, akaishia kupangusa vumbi viatuni. Wote walijua kwamba Edna, binti pekee wa Romanus, amejifungua juzi kule Namtumbo na hawezi kusafiri.

Hapo ndipo Romanus alipojua kwamba sindano hakuwa akiiogopa sana. Aliwatazama mmoja mmoja, akisubiri, na moyo ukamuuma kwa jinsi alivyotamani hata mmoja wao adanganye kwamba atakwenda naye.